Aliyejaza Pengo la Kitinda

Cheka. Cheka umalize, kisha ufunge mdomo usikilize, maana watu wa kizazi chenu mna tabia mbaya: kitu mkikiona kwenye simu mnakiamini hata kikisema ng'ombe ametaga, lakini mtu mzima akikueleza yaliyotokea kwenye chumba chenye dirisha na kitasa, unaguna. Usigune. Wewe unayeguna hapo, umeme ukikatika na unataka kwenda chooni, unakohoa kwanza mlangoni. Unamkoholea nani?

Msichana huyu kwao walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyezaliwa wa mwisho. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa mapazia, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Baba yake alikuwa ameshafariki, dada zake wameolewa mbali, akabaki yeye na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili na sebule. Karakana ya mapazia ilikuwa mtaa wa pili, mwendo wa dakika nne kwa miguu, saba akikutana na wambea. Kwa hiyo alikuwa na desturi yake tangu aanze kazi: Adhuhuri anakimbia nyumbani, anatawadha, anaswali na mama yake bega kwa bega, anarudi kwenye cherehani. Alasiri vivyo hivyo. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mama alimwona binti yake kama shuka iliyoanikwa kwenye ukungu, lakini bega lake alilijua.

Kisha ikaja simu kubwa. Simu yenyewe haikuwa na kosa, tuelewane hapo. Ndiyo iliyoleta wateja. Mtu anapiga picha dirisha lake, anatuma vipimo, anataka pazia Ijumaa kana kwamba mapazia yanaota. Mwenye karakana, mwanamke mwenye sauti ya king'ora, akamkabidhi Kitinda kazi ya kuwajibu wote. Basi Adhuhuri ikiingia, simu hiyo hiyo inaadhini, maana Kitinda aliiwekea programu ya nyakati za swala. Adhana haijafika nusu, inakatwa na tangazo la mafuta ya nywele. Juu ya tangazo, mteja anauliza mikunjo itakuwa mikubwa au midogo. Na wakati huo pasi iko juu ya kitambaa. Akiiacha pasi, kitambaa kinaungua. Akimwacha mteja, anahama. Aliyebaki wa kusubirishwa ni Mungu, kwa sababu Yeye hapigi mara ya pili.

"Namaliza pindo hili tu," Kitinda alikuwa akijiambia. Pindo likiisha, lipo pindo jingine.

Hapo ndipo alipoingia baba yake mkubwa. Mzee huyu aliwahi kuwa mkuu wa walinzi kwenye ghala fulani, akastaafu, lakini ukuu haukumtoka mwilini. Ukoo mzima ulimwita Kamanda. Alifungua kundi kwenye simu, akaliita Safu Moja, akatia humo ndugu arobaini, na sheria ikawa kila aliyeswali atume tiki. Asiyetuma, Kamanda anamtaja mbele ya wote kwa ujumbe wa sauti: "Safu ina pengo. Kitinda, pengo lako hilo. Mkiacha pengo mnamjua anayeingia."

Walimjua. Tangu utotoni walifundishwa kusogeza miguu wakisimama kuswali, wagusane, shetani asipate pa kupita.

Siku ya kwanza alipotajwa, mabinamu walimtumia vikatuni vya kucheka mpaka simu ikapata moto. Siku ya pili, akiwa na pini nne mdomoni na mikono yote kwenye kitambaa, aliona saa imekwenda na Kamanda yuko karibu kuanza kukohoa. Akanyoosha kidole gumba kimoja, akatuma tiki. Nitalipa baadaye, alisema moyoni. Tiki ikaenda. Hakuna aliyeuliza, hakuna paa lililodondoka. Kesho yake ilikuwa rahisi zaidi. Wiki mbili hazijaisha, tiki ikawa inatoka kabla ya tangazo la mafuta ya nywele.

Jioni moja alirudi nyumbani amechoka kama kitambaa cha kupangusia, akakuta mswala wake umetandikwa sakafuni. Asubuhi aliuacha umekunjwa juu ya kiti. Akainama aukunje, akashtuka. Ulikuwa na joto. Si wote. Pale yanapokaa magoti, na pale juu linapokaa paji la uso. Joto la kitambaa kilichoinuliwa pasi sasa hivi. Na harufu ilikuwepo, harufu anayoijua kila fundi, ya nguo iliyo karibu kuungua, ila bila moshi. Akanusa mkono wa gauni lake, akajiambia ametoka nayo kazini.

"Mama, umeswalia mswala wangu?"

"Wangu nimeupeleka wapi? Tumeswali wote, kila mtu na wake." Mama alikuwa akichagua mchele kwa vidole, kwa sababu macho hayakumsaidia. "Na leo umenikalisha kwenye sijda mpaka kiuno kikalia. Lakini vizuri. Marehemu baba yako angekusikia."

"Mama, leo mchana sikurudi."

"Haya, hukurudi," alisema mama, kama mtu anayembembeleza mtoto. "Lilirudi bega lako."

Kitinda alikasirika. Alikasirika kwa kuwa alikuwa mwongo, na mwongo akihisi ameguswa hukasirika kwanza. Akasema moyoni kwamba mama anazeeka, akaenda kuwajibu wateja.

Lakini siku zile mama alianza kupungua. Shingo ikawa nyembamba, sauti ikakauka, chakula akawa anakigusa tu. Siku moja Kitinda alipokuwa akifua, aliona alama kwenye nguo ya kuswalia ya mama yake, begani upande wa kushoto, upande ambao yeye ndiye husimama. Doa la hudhurungi, mviringo, laini pembeni. Hilo halikuwa doa la jiko wala la mkaa. Hilo ni joto lililokandamizwa taratibu, kwa muda mrefu, mara nyingi.

"Mama, bega lina nini?"

"Lako ndilo lina moto siku hizi," alisema mama. "Nilidhani una homa. Nikaona aibu kukuuliza katikati ya swala."

Siku iliyofuata umeme ulikatika karakana nzima, na mwenye karakana, baada ya kuupigia kelele umeme bila kujibiwa, akawaruhusu mafundi kuondoka. Kitinda alifika nyumbani Alasiri inaingia. Hakupiga hodi, mlango ulikuwa wazi. Alisimama kwenye korido, kati ya bafu na chumba chake, avue viatu, na simu ikatetemeka mkononi. Kamanda. "Kitinda, Alasiri hiyo. Pengo."

Hakufikiri. Kidole kilishazoea njia. Akatuma tiki.

Bafuni bomba likafunguka.

Kitinda alibaki na kiatu kimoja mkononi. Maji yalitiririka, yakanyamaza, yakatiririka tena kama ya mtu anayesukutua bila haraka, anayenawa uso, anayeosha mikono mpaka viwikoni, anayepangusa kichwa, anayemalizia miguu, wa kulia kwanza halafu wa kushoto, na yeye pale koridoni akawa anamfuata kiungo kwa kiungo, kwa maana ndivyo mwenyewe alivyokuwa akitawadha, pamoja na ule mtindo wake wa kugonga kopo mara mbili kwenye ukingo wa beseni akimaliza, na kopo likagongwa mara mbili. Mlango wa bafu ukasogea. Hakutoka mtu. Zilitoka nyayo, za maji, moja na nyingine, ndogo kama za kwake, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata kutua, na zilipopita mbele yake joto lilimpiga usoni kama amefungua jiko la kuokea, na ile harufu ya nguo inayotaka kuungua ikamwingia mpaka kooni. Nyayo zikaingia chumbani kwake.

Mama akatokea upande wa pili, akipapasa ukuta. "Umetangulia? Nakuja." Akapita, mkono wake ukamgusa Kitinda kifuani, akasimama.

"Nani huyu?"

"Ni mimi, mama," Kitinda alinong'ona.

"Wewe nani?" Mama aliondoa mkono wake haraka. "Mwanangu yuko ndani, namsikia anatandika mswala. Kama una shida subiri sebuleni, tunaswali."

Akaingia. Mlango ukajifunga, kitasa kikazunguka chenyewe.

Kitinda alisukuma, alipiga, alimwita mama yake. Akaweka sikio mlangoni. Alasiri haisomwi kwa sauti, lakini mle ndani ilikuwa ikisoma sauti, tena ya kwake, ila nzuri, imevutwa, inapanda na kushuka kama ya msomaji wa kulipwa. Alisikiliza maneno. Hazikuwa aya. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yale aliyokuwa akiwatumia wateja kwa ujumbe wa sauti, yamepangwa kwenye mahadhi ya swala: mita mbili na nusu, mita mbili na nusu, pindo la chini, kesho inshallah dada, kesho inshallah, kesho, kesho. Na mama yake, ambaye masikio nayo yalikuwa yamepunguza kazi, akaitikia, "Amina."

Alimpigia Kamanda. Akamweleza, kwa kukwama, kwa kurudia.

"Jini gani," alisema Kamanda. "Wewe siku hizi ndiye wa kwanza kwenye safu. Juzi nimewaambia wenzako wakuige. Pumzika, nitakutumia kisomo cha sauti uweke chumbani."

"Baba mkubwa, sikuwa—"

"Mtandao mbaya," alisema, akakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Akaacha viatu hapo hapo, akakimbia peku hadi kwa Bibi. Huyu alikuwa shangazi wa mama yake, aliishi nyuma ya msikiti, na kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Watu walimwogopa kidogo, naye hakujisumbua kuwaondolea hofu. Alimkuta anakata pamba vipande vipande na kuvipanga kwenye bakuli. Kitinda alimsimulia yote, ila tiki alizipitia juu juu.

"Unaswali?" aliuliza Bibi.

"Bibi, kazini kuna—"

"Sijakuuliza kazini kuna nini."

Kitinda aliangalia pamba. "Siswali. Kama siku kumi na tano sasa."

"Na hizo alama mnazotumiana huko?"

"Natuma."

Bibi aliweka mkasi chini. "Basi hujavamiwa na jini. Umeliajiri."

"Lisomee kitu litoke. Nakuomba."

"Mimi nawaosha wasioweza kujiosha. Wewe mikono unayo." Alizungumza kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililomtisha Kitinda zaidi, maana Bibi hajawahi kuzungumza chini. "Umewaambia watu arobaini kwamba mahali fulani kuna mtu amesimama. Hapakuwa na mtu. Unadhani walikusikia arobaini tu? Kimesikia pana nafasi tupu yenye jina, kimekuja kukaa. Nani angekataa nyumba ya bure?"

"Simu niitupe?"

"Imekukosea nini? Mimi mwenyewe kisomo cha asubuhi nasikiliza kwenye simu. Ulidanganya kwa kidole, ukiitupa utadanganya kwa mdomo." Alianza kujifunga mtandio. "Uliowadanganya waambie. Kisha ukasimame mahali pako. Mama yako ameingia mle saa ngapi?"

"Alasiri inaingia."

Bibi alitazama dirishani. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimefika upande wa pili wa uchochoro. "Na hajatoka? Hiyo ni swala gani isiyo na mwisho? Twende. Viatu utavaa siku nyingine."

Mlango wa chumba ulikuwa wa moto. Kile kisomo kiliendelea, kesho inshallah, kesho, lakini amina ya mama haikusikika tena. Bibi alimsimamisha Kitinda juu ya beseni, akammiminia maji kwa jagi, akamtawadhisha kwa nguvu kama anavyowafanyia wateja wake, hakusema pole. Kisha akampa simu.

Kitinda aliandika kwa kidole kile kile. Safu Moja, mimi Kitinda sikuswali. Tiki zangu zote za wiki hizi mbili ni za uongo. Mahali pangu palikuwa patupu. Alisoma, akamfikiria kila binamu, kila shangazi, wachumba waliokuwa wakitajwatajwa. Akatuma.

Ndani, sauti ikakatika katikati ya neno mita. Kitasa kikazunguka.

Mama alikuwa kwenye sijda, amelala mbele kama mzigo uliotuliwa, mgongo ukipanda kidogo mno. Pembeni yake ilikuwa nguo ya kuswalia ya Kitinda, ile nyeupe, nayo kwenye sijda, imejaa, ina mgongo na mabega na visigino, na kati ya bega lake na la mama pasingepita sindano. Wote wawili walikuwa wameacha kibla. Walisujudu kuelekea soketi ya ukutani, ilipokuwa ikining'inia chaja.

"Mimi siwezi kukusimamia hapo," alinong'ona Bibi mlangoni. "Ingia katikati."

"Hakuna nafasi."

"Sogeza. Ni kwako."

Akaingia, akapiga goti pale pasipo na upana wa kidole, akasukuma bega lake kati ya lile bega la mifupa alilolijua tangu anyonye na lile jingine lililokuwa likichoma kama bamba la pasi, akasikia ngozi yake ikisema shii, akasukuma tena, na ile nguo nyeupe ikainua kichwa polepole ikamgeukia, na ndani ya mtandio, mahali pa uso, palikuwa na mikunjo, mikunjo juu ya mikunjo imepangwa sawasawa kama pazia lililofungwa, kazi safi ambayo yeye mwenyewe asingeitia dosari, na mikunjo ile ikaanza kuachana katikati, ikifunguka kushoto na kulia, na nyuma yake kulikuwa na kitu kinachong'aa ambacho alijua akikiona hatatamka tena neno lake mwenyewe maisha yake yote, basi akafumba macho, akamgeuza mama yake kuelekea kibla kwa mikono yake miwili, akafungua mdomo, na kwa sauti mbaya, kavu, ya mtu aliyeshikwa na deni la aibu, akasema, "Allahu Akbar."

Nguo ilidondoka tupu. Mama akavuta pumzi ndefu, akaangukia ubavu, akauliza kama Magharibi imeingia.

Kitinda aliswali Alasiri yake dakika za mwisho, bega linawaka, akasahau idadi ya rakaa, akaanza upya. Mama aliswali kwa kukaa karibu naye. Walipomaliza, mama akasema, "Ya leo fupi. Na sauti imekukauka."

"Ndiyo yangu, mama."

"Yule mwingine alikuwa anaswali vizuri."

Kitinda akakunja mswala. Ungejibu nini wewe?

Siku tatu baadaye Kamanda alikuja mwenyewe, safari ya saa moja na nusu, ili kufoka ana kwa ana. Bibi alikuwa ameitwa kuosha, hivyo Kitinda alimpokea peke yake, bega limefungwa kitambaa, mama kando yake kwenye kochi. Simu yake Kitinda ilikuwa kwenye rafu karibu na mlango, pamoja na funguo. Kazini alikuwa ameshamwambia mwenye karakana kwamba wakati wa swala simu inalala kifudifudi na pasi inazimwa, na king'ora kililia siku nzima, kisha kikazoea.

"Umeuvua ukoo nguo," alisema Kamanda. "Watu arobaini. Kulikuwa na haja gani ya kuandika? Ungeniambia mimi, tukayamaliza kimya kimya. Sasa kila mtu anamtilia shaka mwenzake. Safu nimeijenga mwaka mzima, wewe unaibomoa kwa mistari miwili—"

Nje msikiti ukaanza kuadhini Magharibi. Kamanda hakukatisha sentensi. Mkono ulizama mfukoni, ukatoka na simu, kidole gumba kikagusa mahali kilipopazoea, simu ikarudi mfukoni. "—kwa mistari miwili tu, na bila hata kuniomba ruhusa."

Kwenye rafu, simu ya Kitinda ikatetemeka mara moja.

Kitinda alimtazama mzee. Mama naye, asiyeona, aligeuza uso.

Kisha simu ya Kamanda ikaita. Alikuwa mke wake, na kwa kuwa Kamanda husikia kwa shida, kila simu huipokea kwa spika.

"Umeshafika?" alisema mke wake. "Mbona umepita bila hata salamu? Nakusikia huko bafuni unatawadha. Ukimaliza funga bomba vizuri, na unisubiri, nakuja tuswali."

"Mke wangu," alisema Kamanda. "Mke wangu, usiingie—"

"Hata sikusikii, maji yanapiga kelele," alisema, akakata.

Kamanda alipiga tena. Iliita bila kupokelewa. Alipiga mara ya tatu, kisha akaishusha simu mapajani na kumtazama Kitinda, mdomo wazi, kama mtoto aliyepotelewa na mlezi sokoni.

"Waandikie," alisema Kitinda. "Wote arobaini. Kisha ukimbie."

Kidole gumba kilisimama juu ya kioo. Hakikushuka. Aliwafikiria wale arobaini, ilionekana usoni mwake, mmoja mmoja kwa jina.

"Niandikeje?" aliuliza. "Nianzeje, mwanangu?"

Kitinda alitaka kumwambia, na alitaka kumnyang'anya simu amwandikie, na alitaka pia kulia kwa hasira. Lakini adhana ilikuwa imekwisha na Magharibi ni fupi. Alimshika mama yake mkono, akachukua mswala kwapani, akatoka nje ya sebule na kufunga mlango.